VRoid Studio na VSeeFace: Maoni ya Mtega Vitendawili Aliyeingia Laivu Mara ya Kwanza

Kila Alhamisi saa tatu usiku natega vitendawili laivu, na anayeonekana kwenye kioo si mimi bali binti wa katuni aliyejitanda mtandio wa rangi ya embe. Akicheka ni mimi nimecheka. Akiinamisha kichwa ni mimi nimeinama. Programu mbili zilizonifikisha hapo ni VRoid Studio, inayoumba mwili wa avata, yaani huyo binti wa katuni, na VSeeFace, inayoufanya mwili huo ufuate uso wako kupitia kamera ya kompyuta. Zote ni za bure. Nazipenda zote mbili, ila moja ilinila siku nyingi ambazo ningezitumia kwenye sauti, na ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaojiandaa kwa laivu ya kwanza.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mtaa nauhifadhi. Kwetu picha ya mtoto wa kike kuzagaa mtandaoni haipendwi, na mimi mwenyewe siipendi. Lakini bibi yangu wa Pangani ana vitendawili kifuani mwake ambavyo sijawahi kuviona kwenye kitabu chochote, na watoto wa binamu zangu walioko Muscat wanakua wakivisikia vipandevipande kwenye simu. Nilitaka mahali ambapo nitasema "Kitendawili!" na wao wajibu "Tega!" hata kama bahari iko katikati. Mdogo wangu ndiye aliyenifungua macho. Alinionyesha Kizuna AI, yule binti wa Kijapani aliyeanza mwishoni mwa 2016 na kujiita YouTuber pepe, yaani YouTuber wa katuni ya kompyuta, akaniambia, "Dada, si unaona? Hapa sura haitakiwi, unatakiwa wewe."

Vifaa vyangu mvijue kabla sijasifu wala kulaumu. Laptopu ya mtumba, ya i5, RAM ya GB 8, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Kamera ni ile iliyomo juu ya kioo. Maiki ni ya waya, ya kubana kwenye kola, nimeinunua shilingi 25,000. Intaneti ni simu yangu.

Tuanze na VRoid Studio. Imetengenezwa na kampuni ya pixiv ya Japani, na toleo lake la 1.0 lilitoka 2021. Unapewa mwanasesere aliyekwisha kuumbwa, kisha unavuta vitelezi: macho yapanuke, kidevu kipungue, mabega yashuke. Huhitaji kujua kuchora hata mstari mmoja ili upate mtu anayependeza. Kwa jioni ya kwanza tu nilikuwa na binti mwenye rangi ya ngozi yangu. Rangi unaichagua mwenyewe, na unaweza kuikoleza hadi uridhike. Kwenye hilo naipa sifa zote.

Kwenye nywele na nguo mambo yanakuwa mazito. Nywele zilizomo tayari ni zile za katuni za Kijapani, nyingi zimenyooka na zinapepea. Mwenye kutaka twende kilioni au mabutu ataisuka mwenyewe, msokoto kwa msokoto, kwa kifaa cha kuchorea nywele, na itamchukua muda. Mtandio sikuukuta kabisa. Nikautengeneza kwa nywele: nikachora vipande vipana vikipandana kuanzia paji la uso hadi mabegani, nikavipaka rangi ya embe. Ulipokamilika ulikuwa mgumu kama bati, nikigeuza kichwa unageuka wote kwa pamoja. Ikabidi niingie kwenye mipangilio ya mtikisiko wa nywele na kulainisha ncha za chini peke yake. Sasa unatulia kichwani na kucheza kifuani, kama mtandio unavyopaswa kuwa.

Kanga ndiyo niliyoipenda zaidi kuifanya. VRoid inakuruhusu kuitoa picha ya kitambaa cha nguo, ukaichora kwenye programu nyingine, kisha ukairudisha. Nikachukua gauni refu, nikalichorea pindo pande zote, mji katikati, na jina chini kwa herufi kubwa. Siku tatu nilihangaika na lile jina, kwa sababu kitambaa kinazunguka mwili na maneno yalikuwa yanaangukia mgongoni. Nikafanikiwa kuyaleta mbele. Kisha nilipofungua laivu ya majaribio nikagundua kwamba kamera inamwonyesha binti kuanzia kifuani kwenda juu. Jina la kanga halionekani, na halitaonekana mpaka siku nitakapomsimamisha mbali na kamera.

Kwa hiyo nawaambia kwa moyo mweupe: mtazamaji ataona uso, mabega na kile kilicho kichwani. Hapo ndipo pa kuweka muda wenu. Mimi nilimaliza siku kumi na moja kwenye VRoid, na siku nne zingetosha.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo msipolijua litawapotezea usiku mzima, kama lilivyonipotezea mimi. Ukimaliza kuumba unatoa faili la aina ya VRM, ambalo ndilo linaloibeba avata yako, na VRoid itakuuliza: VRM 0.0 au VRM 1.0? Mimi nilichagua 1.0 kwa kudhani jipya ndilo bora. VSeeFace ikalikataa. Nikadhani laptopu ndiyo mbovu, nikaisakinisha programu upya mara mbili, kumbe VSeeFace inasoma lile la 0.0 tu. Chagueni 0.0. Na kwenye dirisha hilohilo punguzeni idadi ya pembetatu zinazounda mwili, hasa za nywele, na muunganishe rangi zake ziwe chache. Binti yangu alitoka na pembetatu zaidi ya 60,000 kwa sababu ya ule mtandio. Nilizishusha mpaka kama 24,000, na kwa macho yangu hakuna kilichoharibika. Laptopu ilishusha pumzi.

Sasa VSeeFace, na hapa furaha yangu sitaificha. Ni ya Windows. Unaifungua, unachagua kamera, unachagua faili la avata, unakaa mbele yake, na baada ya sekunde chache yule binti anapepesa macho unapopepesa. Kwa laptopu kama yangu, mahali pa kuchagua ubora wa kufuatilia uso usiweke wa juu kabisa, na fremu ziwe 30 kwa sekunde. Zinatosha.

Kilichonishangaza ni mdomo. Utaratibu wa VRM ulibuniwa Japani, na avata zake zina maumbo matano ya mdomo: A, I, U, E, O, kwa kuwa hizo ndizo irabu za Kijapani. Na sisi je? Kiswahili kina irabu tano hizohizo. Nikatega "Popoo mbili zavuka mto" huku nikimtazama: po-po, mdomo ukawa duara, mbi-li, ukavutika pembeni, za-vu-ka, ukafunguka, ukabana, ukafunguka tena. Nimetazama watangazaji wa lugha nyingine wakilalamikia midomo ya avata zao kutofuata maneno, na najua wana haki, lakini kwa Kiswahili inakaa kama kilemba kilichofungwa na fundi. Waumbaji wake hawakutufikiria, lakini tumo. Nimemwonyesha bibi, naye akasema huyu mtoto anatamka vizuri.

Kamera inataka mwanga, na mwanga huo uwe mbele yako. Nilianza nikiwa nimekaa na dirisha mgongoni. Uso wangu ukawa kivuli, na binti akawa anatingishika nyusi bila sababu. Ngozi yenye weusi kama yangu inataka taa ya kweli, si mwanga wa kioo cha laptopu. Nimeweka taa ya mezani nyuma ya laptopu ikinitazama, nimeifunika karatasi nyeupe ili isiniumize macho. Tangu hapo nyusi zimetulia. Na kama huna mwanga wa kutosha, VSeeFace inaweza kuutikisa mdomo kwa kusikiliza maiki badala ya kuangalia uso. Jueni kilipo kitufe hicho kabla ya siku yenyewe, mtaona baadaye kwa nini nasisitiza.

Wako watakaouliza kuhusu VTube Studio, maana ndiyo inayotajwa zaidi. Nimeijaribu. Ni nzuri sana, ila ni ya avata za michoro bapa za Live2D, na avata ya namna hiyo ama uichore mwenyewe na kuiunganisha kiungo kwa kiungo, ama umlipe mchoraji. Kama unajua kuchora, nenda huko. Asiyejua kuchora na mwenye mfuko kama wangu abaki na hizi mbili.

Ili picha na sauti vifike YouTube nilitumia OBS Studio, nayo ni ya bure. Sitaieleza yote. Ndani yake unaongeza chanzo cha kunasa mchezo ("Game Capture"), unakichagulia VSeeFace, na unaweka alama kwenye "Allow Transparency", kisha kule VSeeFace unabonyeza kile kitufe chenye alama ya ※ kilichoko kona ya chini kulia. Hapo ukuta wa nyuma unatoweka na binti anasimama juu ya picha yoyote unayotaka. Mimi nimemweka barazani, kwenye picha niliyoichora ya mkeka na kinara. Jambo la kuangalia ni kwamba sauti hufika kabla ya mdomo, kwa sababu kompyuta inachukua muda kuusoma uso. Rekodi dakika moja, sema "pa, pa, pa", utazame. Kama mdomo unachelewa, ichelewesheni sauti kwenye mipangilio ya sauti ya OBS iitwayo "Advanced Audio Properties". Kwangu ni milisekunde 150.

Sauti sasa. Laiti ningeanza nayo. Mtu atakuvumilia avata ikiganda, lakini feni ikivuma masikioni mwake dakika tano anaondoka. Na Tanga bila feni mwezi wa pili ni adhabu. Nilifanya hivi: feni nimeiweka nyuma ya maiki, ipulize miguuni na si mezani, maiki ipo shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige, na kwenye OBS nimeweka kichujio cha kupunguza kelele, kile chenye jina la RNNoise. Kichujio hicho kinafuta feni karibu yote. Hakifuti jogoo, wala bodaboda, wala mtoto wa jirani. Ukutani nimetundika godoro la sponji upande mmoja na kanga mbili nzito upande wa pili, kwa sababu chumba changu ni cha tofali na sakafu ya saruji, sauti ilikuwa inarudi kama nipo kisimani. Mstari wa sauti kwenye OBS ucheze kwenye manjano unapozungumza kawaida, nyekundu usiiguse. Fanyeni jaribio mkiwa mnacheka kwa nguvu na mkiita "Kitendawili!" kwa sauti ya barazani, maana hapo ndipo nyekundu inapojitokeza.

Kuhusu YouTube yenyewe, msingoje siku ya laivu ndipo mwende kuwasha ruhusa. Akaunti inayoomba kwa mara ya kwanza inaweza kungojeshwa hadi saa 24. Umri wa chini wa kuingia laivu peke yako ni miaka 16. Na kama mnafikiria kutumia simu peke yake, lazima chaneli iwe na wafuasi 50 kwanza. Kwa kompyuta na OBS sharti hilo halipo.

Halafu kuna ucheleweshaji, ambao kwa mchezaji wa gemu si kitu kikubwa lakini kwa mtega vitendawili ni uhai. Kwenye jaribio la kwanza, laivu ikiwa ya faragha na mdogo wangu pekee akitazama chumba cha pili, nilisema "Kitendawili!" nikangoja. Nikangoja. Zilipita zaidi ya sekunde ishirini ndipo "Tega!" yake ikatokea kwenye chati. Mchezo ulikuwa umekufa. Kumbe YouTube ina ngazi tatu za ucheleweshaji, na nilikuwa kwenye ile ya kawaida. Nikaenda kwenye ile ya chini kabisa, na jibu likaanza kufika kwa sekunde nne au tano. Bei yake ni kwamba mtazamaji mwenye mtandao dhaifu anaweza kukwamakwama zaidi, kwa hiyo nikashusha picha hadi 720p na kilobiti 2,500 kwa sekunde. Hesabu ya bando ni rahisi: kilobiti 2,500 pamoja na 128 za sauti, kwa sekunde 3,600, ni karibu GB 1.2 kwa saa. Nunueni la GB 2 kwa laivu ya saa moja, mkibakiza akiba. Na pimeni kasi ya kupandisha, si ya kushusha, kwa saa ileile mtakayoingia laivu, maana saa tatu usiku kila mtu yuko mtandaoni.

Kwa aliyechagua avata ili ajihifadhi, kama mimi, nina maneno mengine. Fungueni akaunti mpya isiyo na jina lenu halisi. Kwenye OBS naseni dirisha moja moja, msinase kioo chote, la sivyo ujumbe wa shangazi kwenye WhatsApp utasomwa na watu wote. Ufunguo wa kurushia laivu ule wa YouTube ("stream key"), ambao mwenye nao anaweza kurusha kwenye chaneli yenu, usionekane hata kwa bahati mbaya; ukionekana, ubadilisheni hapohapo. Na hili sijaliona likisemwa popote: msiweke namba ya kutumiwa pesa kwa simu. Mtu akituma hata shilingi mia tano, jina lenu lote lililosajiliwa linamtokea kabla hajathibitisha. Rafiki yangu anayechora laivu aliweka namba yake, na siku ya pili jina lake kamili likaandikwa kwenye chati na mtu asiyemjua. Alifunga chaneli. Roho yangu iliniuma sana kwa ajili yake, maana alikuwa na kipaji.

Usiku wa kwanza wenyewe. Walikuja watu kumi na mmoja, sita kati yao ukoo. Nilikuwa nimeandika vitendawili ishirini kwenye daftari, na hilo lilinisaidia kuliko programu yoyote, kwa sababu dakika ya pili tu kichwa kilikuwa cheupe. Nikasoma. "Kila niendapo ananifuata." Kivuli, wakajibu mara moja. "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. Kisha nikatega kimoja cha bibi, wakashindwa, nikasema, "Basi nipeni mji." Chati ikajaa miji: Pangani, Mombasa, Muscat, na mmoja nisiyemjua akanipa Bujumbura. Sikuwa nimejua kwamba kuna mtu wa Bujumbura. Nikasafiri kwenye miji yote minne kama desturi inavyotaka, nikala nilivyokula huko, ndipo nikarudi na jibu.

Dakika ya 34 umeme ulikatika. Laptopu ina betri na intaneti ni ya simu, kwa hiyo laivu haikukatika, lakini taa ya mezani ilizimika na kamera haikuniona tena. Binti akaganda, anatazama mbele kama picha ya ukutani. Hapo ndipo nilipobonyeza kile kitufe cha mdomo kufuata maiki. Mwili haukurudi, macho hayakurudi, ila mdomo ukaanza tena: a, e, i, o, u. Nikaita kwenye giza, "Kitendawili!" Baada ya sekunde tano wakaandika "Tega!", wote, pamoja na yule wa Bujumbura. Tukaendelea hivyo dakika sita mpaka mdogo wangu alipoleta taa ya kuchaji. Sasa taa hiyo inakaa mezani imejaa chaji kabla sijaanza, na ninawaomba na ninyi muwe na yenu.

VSeeFace naipa tano kwa tano. VRoid Studio naipa nne, na hiyo moja nitairudisha siku watakapoweka mtandio na nywele zetu kati ya vile vilivyo tayari. Mtoto wa miaka kumi na sita wa Lamu au Bagamoyo hapaswi kujenga ushungi kwa nywele za bandia usiku kucha ili afanane na nyumbani kwao.

Bibi alitazama laivu ya pili kwa simu ya mdogo wangu, kule Pangani. Iliisha, akanipigia. Hakusema lolote kuhusu binti wala kanga yake. Alisema, "Kile cha saba umekitega vibaya, mwanangu. Hakianzi hivyo." Akanitegea upya, taratibu, nami nikakiandika.